Mgeni wa Serikali, Daraja la Pili

Nchi ya Tutafika haimo kwenye ramani, na wenyewe wanasema kosa ni la ramani. Bendera wanayo, wimbo wanao, na mawaziri wanao thelathini na tisa na nusu. Huyo nusu huja ofisini siku za Jumatano tu. Tena wanayo kazi moja ambayo nchi nyingine hazina, nayo ni kazi ya ugeni.

Kazi hiyo ilitoka kwenye methali. Baraza la Methali la Taifa lilijifungia hotelini miezi tisa, likala kuku, likatoka na kauli moja: miji ya Tutafika haiponi kwa sababu haina wageni. Si wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone? Basi Serikali ikaajiri wageni. Kila mji uliougua ukapelekewa Mgeni mmoja, mwenye barua, sanduku na kalamu, auangalie kwa macho mapya, kisha autilie sahihi Wasifu, yaani maelezo rasmi ya mji ulivyo. Mwenyeji haruhusiwi. Mwenyeji ameshazoea mashimo, na mtu aliyezoea mashimo haioni barabara.

Na kwa kuwa wazee wale walikuwa bado wana siku mbili hotelini zilizokwisha kulipiwa, wakaongeza methali nyingine: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndiyo ikawa Kanuni ya Saba. Mgeni atakaa siku mbili, ya tatu atatia sahihi na kuondoka. Lakini akikabidhiwa jembe na wenyeji, siku yoyote ile, akalipokea, ugeni wake umekwisha papo hapo, na Wasifu wake utahesabiwa kuwa ni maneno ya mtaani. Hiyo waliiweka kupendezesha karatasi tu. Nani mjini siku hizi ana jembe?

Zawena Kibindo alikuwa Mgeni wa Serikali, Daraja la Pili. Miaka sita katika kazi, miji kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliolala usiku wa tatu. Sanduku lake la ngozi lilikuwa limechubuka kona zote nne. Sabuni yake ilikaa kwenye kopo lenye mfuniko, kanga zake mbili hazikuwahi kuning'inia kwenye kamba ya mtu, na jina la jirani hakulijua, maana Mgeni akiitwa kwa jina mara tatu sokoni hushushwa daraja. Akikaa kitini, mguu wake wa kulia ulitikisika wenyewe, kama mtu aliyesikia treni kwa mbali.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, alishuka Nyundoni.

*

Nyundoni ulikuwa mji wa majembe. Wakati ule kiwanda kikiwa hai, matanuri tisa yaliwaka bila kuzimwa, na hapakuwa na tuta la muhogo katika Tutafika yote lisiloguswa na jembe la Nyundoni, lile lenye chapa ya jogoo. Kisha wakubwa wakagundua kwamba majembe ya ng'ambo huja yamefungwa kwenye nailoni, na kitu kilichofungwa kwenye nailoni ni maendeleo. Matanuri yakazimwa. Hiyo sasa ni miaka kumi na minane.

Stesheni alipokewa na Bwana Hamduni Mapambo, Mkurugenzi wa Sura Mpya, mtu mfupi mwenye suti ya rangi ya maziwa na viatu vilivyolia kila akipiga hatua.

"Karibu sana Bi. Mgeni! Karibu Jiji la Ubunifu!"

Nyuma yake mafundi wawili juu ya ngazi walikuwa wanaufuta huo Ubunifu kwenye bango kwa rangi nyeupe.

"Mbona wanafuta?" Zawena akauliza.

Mapambo akageuka, akatazama, akageuka tena bila kubadilika uso. "Karibu Jiji la Mapumziko," akasema. "Twende haraka, kabla ya mchana."

Wakaenda haraka. Kila kitu Nyundoni siku hizo kilikwenda haraka. Mitaa ilibadilishwa majina asubuhi, na jioni ikabadilishwa tena kwa sababu jina la asubuhi lilishazoeleka. Bomba la moshi la kiwanda lilikuwa limepakwa rangi ya waridi, na kila Jumamosi walichoma makumbi ya nazi chini yake, ili watalii waone moshi wa kumbukumbu. Watalii wenyewe bado hawajaja, ila moshi ulishazoea.

Ndani ya kiwanda palikuwa Kituo cha Mawazo. Watu arobaini walikaa kwenye mabenchi toka saa mbili hadi saa kumi wakifikiri. Karani alipita katikati na daftari.

"Umefikiri?"

"Nimefikiri."

Karani akatia alama, akaenda kwa mwingine.

Mlangoni walisimama wazee wa matanuri, wanaume wenye mikono iliyoungua hadi viwiko, kila mmoja na cheti shingoni. Walikuwa wamefunzwa kutabasamu, kozi ya wiki sita. Walitabasamu wote kwa pamoja Zawena alipopita, meno nje, na macho yao yakimtazama kama ya watu wanaobeba gunia.

"Na sasa," Mapambo akasema, sauti ikimshuka kwa heshima, "fahari yetu."

Katikati ya uwanja ulisimama unyoya. Unyoya mkubwa kuliko nyumba, wa chuma kitupu. Kila jembe la Nyundoni lilikuwa limekusanywa, nyumba kwa nyumba, likayeyushwa ili mji uachane na uzito wa zamani. Tani kumi na moja. Kwenye kibao waliandika WEPESI. Unyoya ulikuwa umeshazama ardhini futi mbili, na upande wa kushoto uliegemezwa na nguzo sita za mbao.

"Unazama?" Zawena akauliza.

"Unatua," Mapambo akamsahihisha.

*

Hoteli ya Jiji ilikuwa tayari kasoro vyumba. Mapokezi yalikuwepo, kengele ya mezani ilikuwepo, na dada mmoja wa kusema "karibu" alikuwepo. Kwa hiyo Zawena alipangiwa kulala nyumbani kwa Bi. Mashavu binti Seleki, Mtaa wa Wasikilizaji.

"Usijali sana pale," Mapambo akamwambia njiani. "Mtaa wenyewe haupo."

"Haupo vipi, na mimi naenda kulala huko?"

"Haumo kwenye Wasifu. Na kisichomo kwenye Wasifu hakimo mjini. Alhamisi tingatinga litakuja kuondoa kile kisichokuwepo. Pale tutaweka bustani ya kupumzikia."

"Nani atapumzika?"

"Bi. Mgeni," Mapambo akasema kwa upole, "hayo ni maswali ya mwenyeji."

Mtaa usiokuwepo ulikuwa na nyumba arobaini na moja, kuku wengi kupita kiasi, na harufu ya samli. Wanawake waliokaa humo walikuwa wasikilizaji wa kiwanda. Kazi yao ilikuwa hivi: jembe likitoka kwenye maji, kabla ya kupigwa chapa ya jogoo, msikilizaji alilining'iniza kwa kidole, akaligonga kwa nyundo ndogo, akasikiliza. Likiimba sawasawa, husema "zima", likaenda kuuzwa. Likikwaruza, hata kidogo kiasi gani, husema "ufa", likarudi motoni. Majembe elfu moja kwa siku, miaka ishirini na tano. Kiwanda kikafa, masikio hayakufa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani. Kaa hapo, si hapo, hapo pana chungu."

Bi. Mashavu alikuwa mnene, ana dimpozi, na mkononi alishika kijiko kama wengine wanavyoshika tasbihi. Alikigonga kikombe kabla ya kukitia chai. Akagonga sahani. Akagonga birika. Kisha, bila kuomba ruhusa, akaligonga sanduku la Zawena, akalaza kichwa.

"Hujawahi kulifungua hili mpaka chini," akasema.

Zawena akatoa jicho. "Umejuaje?"

"Linajibu kama mtungi wa dukani, ambao haujatumika. Usiogope. Chausiku! Njoo umwone mgeni wetu, mguu wake unapiga ngoma!"

Akaingia Bi. Chausiku, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwembamba kama ufito, ambaye nyundo za kiwanda zilimla sikio la kulia. Alitembea na fimbo ya ajabu, nene upande wa chini kama goti la ng'ombe, nyembamba juu.

"Huyu ndiye atakayetubomolea?" akauliza kwa sauti kubwa ya viziwi.

"Chausiku, mwache mtoto anywe chai kwanza."

"Anywe. Nauliza tu, nijue nimchukie kabla ya chai au baada."

Zawena akacheka, halafu akakumbuka kanuni, akaacha.

Chakula kilipokuwa tayari Bi. Mashavu alitoka nje, akagonga kipande cha chuma kilichoning'inia kwenye upenu kwa kamba ya katani. Ngiii! Sauti ikapita juu ya mapaa yote, safi, kama uzi unaovutwa. Wajane watatu na mzee mmoja wakaja na sahani zao.

"Kengele nzuri," Zawena akasema.

"Ndivyo ilivyoandikwa," Bi. Mashavu akajibu. "Siku ile ya kukusanya majembe, karani aliingia hapa akauliza, mama, hii nini? Nikamwambia, si unaona inalia? Akaandika kengele. Stakabadhi ninayo, wao wanayo nakala. Kula, mwanangu. Wali wa nazi haungoji mjadala."

*

Jumanne Zawena alikwenda ofisini kwa Mapambo mapema. Alimkuta amepanga Wasifu mezani, umeshapigwa chapa huko makao makuu, rangi tupu, kurasa saba. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya mji wenye ziwa.

"Hapa Nyundoni pana ziwa?"

"Hiyo ni picha ya mji uliofanikiwa," Mapambo akasema. "Tumeiweka ili tujue tunakoelekea."

"Mimi naomba kuongeza kitu. Mtaa wa Wasikilizaji. Nyumba arobaini na moja. Mistari miwili inatosha."

Mapambo akafungua kurasa zote saba moja baada ya nyingine, akamwonyesha. "Nafasi iko wapi? Ukurasa wa tatu mpaka wa sita ni Unyoya. Nipunguze Unyoya?"

"Ule unatua wenyewe."

"Bi. Mgeni." Akavuta kiti karibu, viatu vikalia. "Nimesoma faili lako. Miji kumi na mmoja, hujawahi kuongeza hata nukta. Wizara imefurahi. Ukitia sahihi hii ya kesho unapanda Daraja la Kwanza. Unajua Daraja la Kwanza wanapewa nini? Sanduku la magurudumu."

Zawena akaufunika ukurasa wa ziwa.

"La magurudumu manne," Mapambo akaongeza. "Linakwenda lenyewe. Na nikukumbushe tu kwa wema: Mgeni ana macho, hana mdomo. Asiyetia sahihi hufutwa, analetwa mwingine Alhamisi hiyo hiyo kabla tingatinga halijapoa. Mtaa hauponi kwa wewe kukataa. Unapoteza kazi bure."

Zawena akarudi mtaani. Akawakuta wale bibi wawili wanachambua mchele, akakaa, akawaambia yote, hakuficha. Bi. Chausiku akasema sasa amejua, angemchukia kabla ya chai. Bi. Mashavu akauvuta ungo karibu. Alichambua mpaka mchele ukaisha.

"Hiyo barua yako ya kazi," akasema mwishowe, "inasemaje? Tusomee. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, lakini masikio yangu yalimaliza chuo."

Zawena akaisoma, kanuni zote tisa, na mihuri yake. Alipofika ya saba, Bi. Mashavu akainua kidole.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Siku yoyote?"

"Siku yoyote. Akilipokea. Lakini bibi, majembe si yaliyeyushwa yote?"

"Yaliyeyushwa," Bi. Mashavu akakubali. Akampiga Zawena kikonzi kidogo cha begani, kwa kiungo cha kidole, akalaza kichwa kusikiliza. "Wewe u mzima, mwanangu. Huna ufa. Ila hujatiwa mpini. Bapa bila mpini, hata liwe kali vipi, linazunguka zunguka tu stoo."

Zawena akainama kuangalia chini. Mguu ulikuwa unatikisika mpaka ungo unacheza.

*

Jumatano saa nne uwanja ulijaa. Ardhi ilitandikwa majani ya plastiki ya kijani, chini ya majani udongo ule ule. Mheshimiwa Waziri wa Sura Mpya alifika na magari saba, moja likiwa la kubeba kofia zake. Wasikilizaji waliwekwa nyuma kabisa, kwa kuwa hawapo.

"Ndugu wananchi!" Waziri akaanza. "Tulikotoka ni mbali! Tunakokwenda ni mbali zaidi! Na hapa tulipo, tusipaangalie sana!"

Makofi.

"Ufa," akasema Bi. Mashavu taratibu.

"Mji mwepesi hauzami!"

Nguzo moja ya Unyoya ikalia kwaa.

"Ufa," wakasema wanawake kumi.

"Serikali yenu inawasikiliza!"

"Ufa!" Sasa walikuwa wanawake arobaini, na wazee wa matanuri wakaanza kupata shida kutabasamu kwa mujibu wa cheti.

Zawena aliitwa mezani. Akatia sahihi ukurasa wa kwanza, wa ziwa. Wa pili. Mapambo alifunua kurasa haraka kama mtu anayegawa karata. Wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita. Ukabaki wa saba, wenye muhuri mkubwa, na bila huo sita zote ni picha tu.

"Mheshimiwa!"

Bi. Mashavu alikuwa amesimama. Anakuja katikati ya viti, kifurushi cha kanga kifuani, na Bi. Chausiku nyuma yake na fimbo yake.

"Mheshimiwa, sisi wanawake wa mtaa usiokuwepo tunaomba ruhusa kumuaga mgeni wetu."

Waziri alipenda kuagana, maana huwa ni mwisho wa mkutano. Akapunga mkono.

Bi. Mashavu akafungua kanga. Ikatoka kengele. Bi. Chausiku akaigeuza fimbo yake juu chini, ule upande mnene ukawa juu, na katikati ya unene ule palikuwa na tundu, tundu la zamani lililochomwa kwa chuma cha moto. Ncha ya kengele ikaingia tunduni kama mtu anayerudi nyumbani kwake. Wakaligonga mara mbili kwenye ngazi ya jukwaa, likakaza. Kwenye bapa, chini ya masizi ya miaka kumi na minane, jogoo akaonekana.

Wazee wa matanuri wakaacha kutabasamu, wote kwa pamoja.

"Hili ni la mwisho kutoka," Bi. Mashavu akasema. "Nililigonga mimi, siku ile, walipokuwa wanafunga geti. Mwanangu, mgeni siku mbili, na leo ni ya tatu. Sikulazimishi. Ukilipokea, sanduku lako halina safari tena, na kazi huna. Usipolipokea, nitakushika mkono mimi mwenyewe mpaka stesheni, na kesho tingatinga nitalikaribisha chai kama nilivyokukaribisha wewe."

Zawena alitazama kalamu. Akalifikiria sanduku la magurudumu manne linalokwenda lenyewe, mji wa kumi na tatu, wa ishirini. Akajaribu kukumbuka mtu mmoja, mmoja tu, katika miji ile kumi na mmoja, aliyemwambia usikae hapo, hapo pana chungu. Hakumpata.

Akaweka kalamu chini, akanyoosha mikono miwili.

"Simama!" Mapambo akaruka, viatu vikapiga kelele. "Hiyo ni kengele! Stakabadhi ninayo! Kengele moja, ya chuma, ya kuning'inizwa! Na ile nyingine imeandikishwa fimbo, fimbo ya mwanamke mzee!"

Waziri akamgeukia mwanasheria wake. "Kengele ikitiwa fimbo inakuwa nini?"

Mwanasheria akafuta miwani, akaivaa, akaifuta tena. "Mheshimiwa, itategemea inafanya nini."

Zawena hakungoja. Alilipokea mikononi mwa Bi. Mashavu, akavua viatu, akashuka jukwaani, akakunja pembe ya yale majani ya plastiki kama mtu anayekunja mkeka, akainua jembe. Hakuwa amelima tangu shule ya msingi. Pigo la kwanza likaenda upande. La pili likaingia. Udongo mwekundu ukafunguka, la tatu, la nne, jasho likamtoka, sketi ya Serikali ikachanika pembeni. Pigo la saba likakuta gae la chuma cha kale lililozikwa humo, na jembe likaimba. Ngiii! Sauti ikapita juu ya magari saba, juu ya bomba la waridi, mpaka Kituo cha Mawazo, ambako watu arobaini waliacha kufikiri.

"ZIMA!" wakajibu wanawake wote, na Bi. Chausiku kwa sauti kuliko wote, maana hata sikio lililokufa lilisikia.

"Kengele hailimi, Mheshimiwa," mwanasheria akanong'ona. "Huyu mama ni mwenyeji. Na kanuni ina sahihi yako."

*

Wasifu ukawa maneno ya mtaani, na mwingine ulibidi upigwe chapa upya makao makuu kabla ya kuletwa Mgeni mwingine. Alhamisi tingatinga lilikuja, dereva akaomba karatasi ya kuonyesha kipi hakipo, hakuna aliyekuwa nayo, akapewa uji, akaondoka. Zawena akaandikiwa barua ya kufutwa kazi yenye makosa matatu ya tarehe. Bwana Mapambo, ambaye hakuwahi kukosa la kuripoti, aliripoti kwamba Nyundoni sasa ni Jiji la Wahamiaji: asilimia mia moja ya wageni waliofika mwezi huo wameamua kubaki.

Usiku wa tatu Zawena alilala mtaani, na wa nne, na wa tano. Alifungua sanduku mpaka chini, akakuta soksi moja ambayo hakuikumbuka. Kanga zake zikaning'inia kwenye kamba ya Bi. Chausiku. Lakini amani hawakuwa nayo, tusidanganyane. Jembe lilikuwa moja, na wageni wa Serikali ni sitini na wanne.

Kwa hiyo Jumatatu iliyofuata, saa tatu kasorobo, alikuwa stesheni, kando ya reli, analima tuta la mchicha pasipowahi kuota mchicha. Bi. Mashavu amekaa kwenye benchi, anagonga reli kwa kijiko na kusikiliza.

"Inakuja," akasema.

Treni ikasimama. Akashuka bwana mmoja mrefu, mwenye tai, na sanduku la magurudumu manne lililomfuata nyuma kama mbuzi. Daraja la Kwanza. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akamwona mwanamke mwenye matope magotini.

"Samahani, dada. Wenyeji wa hapa ni nani?"

Zawena akajinyoosha. Mguu wake wa kulia, aligundua, ulikuwa umetulia tuli.

"Ni sisi," akasema. "Karibu sana, kaka, pole na safari. Wee, mikono yangu malengelenge matupu, tazama. Hebu nipokee jembe hili, unimalizie hili tuta moja tu."

Na yule bwana, ambaye mama yake alimlea vizuri, akaliachia sanduku, akanyoosha mikono miwili.